Shindano, mshirika, API au kazi ya pamoja: taasisi yako ichague njia ipi ya kubuni na watu wa nje?

Taasisi nyingi zikiamua kutafuta mawazo mapya kwa watu wa nje, jambo la kwanza kutajwa kwenye kikao ni shindano. Linaeleweka haraka, lina tarehe, lina zawadi, na picha za washindi hupendeza kwenye ripoti ya mwaka. Mimi naamini shindano linafaa kwa aina moja tu ya tatizo, na kwamba SACCO, hospitali, halmashauri na kampuni zetu nyingi zingefaidika zaidi na mojawapo ya njia tatu nyingine: kuingia mkataba na mshirika mmoja, kufungua mfumo wako kwa API ili wengine wajenge juu yake, au kujiunga na kazi ya pamoja isiyo na mwenyewe mmoja.

Swali la kuamulia ni hili: siku jibu litakapopatikana, nani ndani ya taasisi atalipokea, atalilipia na kulitunza? Nitazipitia njia zote nne kwa mifano halisi nikiwa na swali hilo mkononi.

Mashindano mawili yaliyopata washindi

Machi 2000, kampuni ya dhahabu ya Goldcorp ya Kanada ilifanya jambo ambalo wachimbaji hawalifanyi. Iliweka hadharani data za kijiolojia za mgodi wake wa Red Lake, jimbo la Ontario, na kutangaza zawadi za jumla ya dola 575,000 kwa watakaoonyesha mahali pa kuchimba. Rob McEwen, aliyekuwa akiiongoza, alikuwa na wanajiolojia wake mwenyewe, ila hawakuweza kumwambia kwa uhakika dhahabu iliyobaki imelala wapi. Walijitokeza watu zaidi ya elfu moja kutoka nchi mbalimbali. Wakapendekeza maeneo 110, na nusu yake kampuni haikuwa imeyafikiria kabisa. Katika hayo mapya, zaidi ya asilimia 80 yalikuwa na dhahabu ya kutosha. Walioibuka kidedea walikuwa kampuni mbili za Australia zilizoshirikiana kutengeneza mfano wa mgodi wa pande tatu kwenye kompyuta wakiwa huko huko kwao.

Oktoba 2006, Netflix nayo ikatangaza dola milioni moja kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 usahihi wa programu yake ya kukisia filamu ambazo mteja atazipenda. Ilitoa data ya alama zaidi ya milioni 100 zilizowekwa na wateja wake. Septemba 2009 timu ya BellKor's Pragmatic Chaos ikachukua zawadi. Hesabu ilitimia na masharti yalifuatwa. Hata hivyo Netflix haikuuingiza mfumo huo wa ushindi kwenye huduma yake. Ulikuwa mkusanyiko mkubwa wa kanuni nyingi za kihesabu zilizofungwa pamoja, na wahandisi wake waliona kazi ya kuuingiza ni kubwa kuliko faida ambayo mteja angeiona. Isitoshe, katika miaka hiyo mitatu biashara yenyewe ilikuwa inahama kutoka kutuma DVD kwa posta kwenda kuonyesha filamu kupitia intaneti. Kilichotumika ni kanuni mbili kutoka kwenye kazi iliyopata zawadi ndogo ya hatua iliyofikiwa mwaka 2007, wakati shindano bado linaendelea.

Yote mawili yalikuwa na tatizo lililo wazi, data ya kutosha na zawadi nono. Tofauti yao iko mwishoni. Jibu la Goldcorp lilikuwa mahali ardhini, na mafundi wa kuchoronga miamba walikuwa tayari wako kazini. Jibu la Netflix lilihitaji watu wa ndani waache kazi zao ili walijenge upya. Ndiyo maana nasema shindano linafaa pale ambapo ushindi unapimika kwa namba au kwa kitu kinachoonekana, na pale ambapo mtu wa ndani anasubiri jibu ili aendelee na kazi yake ya kila siku. Likikosekana moja kati ya haya mawili, tafuta njia nyingine.

Kuna na la tatu: majaji. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitenga hadi paundi 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini, yaani meli iko umbali gani mashariki au magharibi. John Harrison, fundi aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa, aliunda saa iliyofanya kazi hiyo, na saa yake ya nne ikajaribiwa safarini kwenda Jamaika mwaka 1761. Ila katika bodi ya kuamua waliketi wanaastronomia walioamini jibu linapaswa kutoka kwenye mwezi na nyota. Harrison alilipwa kwa mafungu, na fungu kubwa la mwisho alilipata mwaka 1773 kwa uamuzi wa Bunge, akiwa mzee wa miaka 80. Ukiwaweka wakuu wa idara wawe majaji wa mawazo yatakayozipunguzia idara zao kazi au bajeti, ujue kwamba mtu wa nje amekwisha kushindwa kabla hajafungua kompyuta yake.

Hakathoni, yaani mkusanyiko wa siku chache wa kutengeneza programu, ni ndugu mdogo wa shindano, na sina mengi ya kuisema. Katika saa 48 vijana hawawezi kukupa mfumo utakaobeba kazi zako. Wanaweza kukuonyesha kwamba data zako hazisomeki, na wewe unaweza kuwaona watu wawili watatu unaotaka kufanya nao kazi. Ukiiandaa kwa lengo hilo la usajili, inalipa. Ukiwaahidi kwamba bidhaa yao itatumika, hakikisha kwanza kuna fungu la kuitunza mwaka unaofuata.

Mshirika mmoja: ilivyokuwa kwa M-Pesa

M-Pesa husimuliwa kana kwamba ni kampuni moja iliyolala na kuamka na wazo. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nick Hughes wa Vodafone aliomba fedha kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza uliokuwa ukichangia gharama za makampuni yanayojaribu huduma za kifedha kwa watu wa kipato cha chini. Mfuko ulitoa karibu paundi milioni moja, na Vodafone ikaweka sehemu yake. Susie Lonie, mwenzake wa Vodafone, akaenda Nairobi kuusimamia mradi. Mshirika mkuu wa majaribio, yaliyoanza Oktoba 2005, alikuwa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, na lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu badala ya kubeba fedha mkononi hadi kwenye kikao cha kikundi.

Kilichotokea kila msomaji wa Afrika Mashariki anakijua mwisho wake. Waliopewa simu walianza kutumiana pesa wao kwa wao, kumlipia ndugu, kuweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wafikapo. Kwa upande wa mikopo mambo yalikuwa magumu, kwa sababu hesabu za Faulu na mfumo mpya hazikusomana kirahisi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa imepunguzwa ikabaki na jambo moja, kutuma pesa nyumbani, na marejesho ya mikopo yalikuwa yameachwa kando.

Hapa ndipo nguvu ya njia ya mshirika ilipo. Hakuna tangazo la shindano la mwaka 2005 ambalo lingeandika “tunatafuta njia ya watu kutumiana pesa,” kwa sababu wenyewe hawakujua kwamba ndilo tatizo lenyewe. Mshirika anakuruhusu kuanza na swali lisilo sahihi na kulirekebisha njiani, mradi mnakutana mara kwa mara na kuna mtu shambani anayetazama watu wanavyofanya kweli. Udhaifu wake nao uko kwenye kisa hicho hicho: aliyeingia kama mshirika wa kwanza hakuondoka na kile alichokijia. Kwa hiyo mkataba wa aina hii useme mapema nini kitatokea mradi ukigeuka. Nani anaweza kujitoa, data ya majaribio ni ya nani, na mshirika atalipwa nini kwa muda wake hata kama bidhaa ya mwisho haimhusu.

Mfano mwingine wa njia hii naupenda zaidi, labda kwa sababu ni wa Morogoro. Shirika la APOPO lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, aliyetaka kuwafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini. Mwaka 2000 likahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo kilikuwa na watafiti waliowajua panya buku kwa undani, kilikuwa na ardhi ya mafunzo, na panya wenyewe ni wa huku. Wageni walikuja na wazo na wafadhili. Ndani ya uhusiano huo kukazaliwa kazi ya pili ambayo haikuwa kwenye wazo la kwanza kwa ukubwa huo: kunusa kifua kikuu. Tangu 2007, sampuli za makohozi kutoka vituo vya afya nchini zimekuwa zikipitishwa kwa panya, na zile wanazozitilia shaka huthibitishwa maabara. Wapo wagonjwa waliogundulika hivyo baada ya darubini kusema hawana ugonjwa. Panya Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake ya mabomu nchini Kambodia.

Uhusiano wa namna hii huchukua zaidi ya miaka 20. Hakuna mzunguko wa bajeti wa miezi 12 unaoweza kuuzaa. Ukiwa mkuu wa chuo au wa taasisi ya utafiti, mpe mgeni mwenye wazo zito chumba, mwenyeji wa kufanya naye kazi, na muda.

Kufungua mfumo wako

Njia ya tatu ni API, yaani njia rasmi ambayo programu ya mtu wa nje hupitia kuzungumza na mfumo wako. Hapa hutafuti wazo la mtu fulani. Unatoa uwezo ulio nao, na kila mtu anaamua mwenyewe aujengee nini.

Miaka ya mwanzo ya M-Pesa, mwenye duka la mtandaoni aliyetaka kupokea malipo ilibidi apite kwa kampuni za kati, au aandike programu ya kusoma ujumbe mfupi wa simu unaosema pesa zimeingia. Vijana wa Nairobi walifanya hivyo kwa ustadi, lakini ujumbe ukibadilishwa mpangilio wa maneno, duka linasimama. Mwaka 2015 Safaricom ilifungua API ya M-Pesa, na mwaka 2017 ikazindua Daraja, ambapo mtengeneza programu hujisajili mwenyewe, hujaribu kwenye mazingira ya majaribio, na huomba kuingia kwenye mfumo halisi. Leo mteja anabonyeza “lipa,” simu yake inamwomba namba ya siri, na mwenye duka hahitaji kumjua mtu yeyote ndani ya kampuni.

Faida yake ni kwamba gharama ya kubuni na hatari ya kushindwa vinabebwa na wale wa nje, kila mmoja kwa kipande chake. Hasara yake wengi hawaihesabu. Mfumo uliofunguliwa ni ahadi. Unahitaji maelezo yaliyoandikwa vizuri, watu wa kujibu maswali, taarifa ya mapema kabla ya kubadilisha chochote, na ulinzi dhidi ya matapeli. Taasisi ikifungua API kisha ikabadilisha masharti bila kutangaza, au ikaanzisha yenyewe bidhaa ile ile ambayo mjenzi wa nje amekwisha kuipatia wateja, watengeneza programu watakumbuka kwa miaka. Njia hii pia haina maana kama huna wateja wengi. Mjenzi hafuati ubora wa API yako, anafuata watu waliomo nyuma yake.

Kazi isiyo na mwenyewe mmoja

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia kumbukumbu za wagonjwa za kompyuta zilizotengenezwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka katika mpango wa AMPATH wa Eldoret, mfumo ule wa kwanza ukalemewa. Mwaka 2004 watu wa Indiana wakaungana na wenzao wa shirika la afya la Partners In Health, waliokuwa na shida kama hiyo hiyo kwingineko, wakaamua kujenga kitu kimoja na kukiacha huria, yaani yeyote aweze kukitumia na kukibadilisha. Ndiyo OpenMRS. Mwaka 2006 ilianza kazi Eldoret na Rwanda. KenyaEMR na UgandaEMR zinazotumika leo kwenye kliniki nyingi zimejengwa juu yake.

DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilifuata mkondo huo upande wa takwimu za afya. Kenya iliieneza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na Tanzania ikaijenga kwa mchango mkubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa upande wa ramani kuna Ramani Huria: kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa walichora kata zinazokumbwa na mafuriko, njia, mitaro na nyumba, na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuzitumia.

Watu husikia “huria” wakaelewa “bure.” Leseni ni bure kweli. Seva, mafunzo na mtu wa kurekebisha mambo saa nne usiku wakati ripoti ya mwezi inagoma si bure. Njia hii inafaa kwa tatizo ambalo wengi wanalo kwa sura ile ile, na ambalo halikupi ushindani wowote ukilimiliki peke yako. Hospitali haimshindi jirani yake kwa namna inavyopanga mafaili.

Hata washindani huweza kukaa meza moja kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kuunganisha huduma zao ili mteja wa Tigo Pesa amtumie pesa moja kwa moja mteja wa Airtel Money, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kila kampuni ilibaki na wateja na bei zake.

Umiliki na data, kabla ya kusaini chochote

Kwa upande wa umiliki njia hizi zinatofautiana sana. Kwenye kazi ya pamoja jambo liko wazi tangu mwanzo kupitia leseni. Kwenye API, mfumo ni wako na kilichojengwa juu yake ni cha mjenzi. Kwa mshirika, kila kitu ni mkataba. Shindano ndiko kwenye hatari kubwa kwa mdogo, hasa yale yenye sharti lililofichwa ukurasa wa mwisho kwamba kila wazo litakalowasilishwa, hata lisiloshinda, linakuwa mali ya mwandaaji. Sharti hilo si la haki, na pia linawafukuza watu wenye mawazo mazuri. Na kijana mwenye uvumbuzi unaostahili hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ajue kwamba sheria hudai jambo liwe jipya. Akilianika jukwaani kabla ya kupeleka maombi kwenye ofisi za usajili, BRELA kwa Tanzania au KIPI kwa Kenya, anaweza kulipotezea sifa hiyo.

Ahadi ya mdomo usiitoe wala usiipokee. Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi Vodacom ya Afrika Kusini mwaka 2000 alipotoa wazo la ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie. Aliahidiwa malipo kwa mdomo. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kampuni ilibanwa na makubaliano hayo, na mvutano kuhusu kiasi ukaendelea kwa miaka mingine. Huyo alikuwa mtu wa ndani. Wa nje yuko pabaya zaidi.

Kuhusu data, kisa cha Netflix kina kipande cha pili. Kampuni iliondoa majina kwenye data iliyoitoa, lakini watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kwamba baadhi ya wateja wanatambulika ukilinganisha alama zao na zile walizoweka hadharani kwingine. Shindano la pili likafutwa mwaka 2010. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, sawa na Uganda, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022. Kama tatizo lako haliwezi kuelezwa bila kumbukumbu za wagonjwa au miamala ya wanachama, chagua mshirika mmoja anayekuja kufanya kazi ndani ya ofisi zako.

Sasa uchague

SACCO inayotaka wanachama waweke akiba kwa simu haina tatizo la ubunifu. Jibu lipo sokoni. Tumia API za kampuni za simu kupitia fundi mwenye mkataba mzuri, na fedha za zawadi ziende kwenye mafunzo ya watumishi.

Hospitali ya wilaya iangalie kwanza kazi ya pamoja iliyokwisha kupikwa, na imwajiri au imlipe mtu wa kuitunza. Kwa huduma ambayo haina uwezo nayo kabisa, inunue huduma yenyewe badala ya teknolojia. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2016 ilipoingia mkataba na Zipline kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga. Serikali haikuanza kwa kununua droni. Ililipia ufikishaji wa damu, na ikaandaa kanuni za anga zilizoruhusu kazi hiyo.

Halmashauri yenye mafuriko, taka au msongamano wa daladala ianze na vyuo na wakazi, na ianze na ramani na data kabla ya programu yoyote ya simu. Shindano linaweza kufuata baadaye, likiwa na swali lililonyooka kama hili: nani atakisia kwa saa sita mbele maji yatafika wapi Jangwani, Dar es Salaam? Hapo kuna kipimo, na kuna watu wa maafa wanaolihitaji jibu usiku huo huo.

Kampuni kubwa yenye mamilioni ya wateja ndiyo pekee kati ya hawa ninayoishauri ifungue mfumo wake, na iweke kwa maandishi taarifa ya miezi kadhaa kabla ya kubadilisha masharti au bei. Kampuni ya kati, yenye tatizo ambalo hata yenyewe haijalielewa vizuri, itafute mshirika mmoja, impe mtu wa ndani mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, na imlipe kwa kipindi cha majaribio bila kungoja matokeo. Kampuni changa nyingi hufia hapo, kwenye majaribio yasiyolipwa yanayoongezwa miezi mitatu mitatu huku mkurugenzi akisema bado wanatathmini.